Pa Kunenepea

Mama mkwe wangu anakaa Dindira, juu kabisa, mahali ambapo gari likikushusha kwenye mashamba ya chai bado hujafika. Unashika kijia cha miguu, unaacha chai, unaingia kwenye migomba, unapanda tena, na ukidhani umemaliza ndipo kilima chenyewe kinapoanza. Katikati ya kilima hicho kuna jiwe pana kando ya njia. Mke wangu alikulia huko, na utotoni alikuwa akilipita jiwe hilo mbio akiwa na ndoo kichwani. Siku ninayotaka kuanza nayo alilikalia, na hakuinuka.

Tulikuwa tumekwenda kumwona mama yake, ambaye magoti yamemwisha na hashuki tena kilima. Safari hiyo tulikuwa tumeiahirisha muda mrefu kwa sababu hii na ile. Mke wangu alipanda mpaka kwenye jiwe, akakaa, akashika kifua, jasho likimtiririka. Tukangoja. Akajaribu tena hatua kumi hivi, akarudi kukaa. Kutoka pale nyumba ya kwao haionekani kwa sababu ya migomba, lakini sauti inafika. Mama yake alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja na fimbo yake, anaita.

"Mmefika wapi?"

"Kwenye jiwe, mama! Shikamoo!"

"Marahaba! Njooni basi, uji unapoa!"

Mke wangu akaniangalia, akaniambia nipeleke kikapu. Nilipanda peke yangu, na mimi mwenyewe nilifika juu nikiwa sina pumzi ya kusalimia. Nikamwamkia mkwe macho yakiwa chini, kama desturi yetu inavyotaka, nikadanganya kwamba mwanawe ameteguka mguu. Alifunga maparachichi kwenye kanga yake akanipa nishuke nayo, kisha akarudi ukingoni. Wakazungumza kwa kupaza sauti, mmoja juu na mwingine chini, habari za watoto, za mvua, za ng'ombe aliyezaa, mpaka jua likaanza kuinama. Hawakuonana.

Tukiwa kwenye gari kurudi Korogwe, mke wangu alisema, "Mama yangu atakufa mimi nimekaa kwenye lile jiwe."

Wiki hiyohiyo tulikwenda hospitali. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alimpima presha, akampima tena, kisha akampandisha kwenye mzani. Akaeleza vizuri, bila dharau. Moyo unafanya kazi kupita kiasi, magoti nayo vivyo hivyo. Dawa atapewa, lakini dawa peke yake haitampandisha kilima. Ni lazima mwili upungue. Ndipo mke wangu akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

"Daktari, mimi nimenenepa lini? Nguo zangu zote zinanitosha. Hili gauni la kijani nilishonewa mwanangu wa mwisho alipoacha ziwa, na sasa yuko kidato cha kwanza."

Daktari akacheka, akidhani ni utani. Mimi niligeukia bango la chanjo ukutani, nikalisoma mwanzo mpaka mwisho.

Maana mimi ni fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Tangu nifungue kibaraza changu hapa Korogwe, hakuna mteja aliyewahi kunirudishia nguo akilalamika. Kwetu ni Kwamsisi, na ufundi nilijifunza Handeni mjini kwa mzee mmoja aliyekuwa akinichapa vidole kwa rula kila nilipokata kitambaa karibu mno na mshono. "Mwachie mtu pa kunenepea," alikuwa akifoka. Ukifahamu Handeni utamwelewa. Mvua zetu hazina ahadi. Mwaka mahindi yakikauka watu wanapungua, mwaka yakikubali wanarudi, na nguo ya sikukuu ni ileile. Kwa hiyo fundi anayejua kazi huacha inchi mbili ndani ya kila ubavu, akazikunja vizuri, ili mwenye nguo akipata neema mshono ufumuliwe aendelee kuvaa. Kumwachia mtu nafasi ni heshima, ni kumwombea heri. Fundi anayekata mpaka mwisho tunamwona mchoyo.

Basi mke wangu nilimwachia nafasi kuliko mtu yeyote. Nguo zake zilikuja kibarazani kila Alhamisi kupigwa pasi, kwa kuwa pasi ya mkaa iko kwangu. Nikiona kitambaa kimeanza kuvutika chini ya kwapa, nilifumua mshono kwa wembe, nikaachia nusu inchi, nikashona upya, nikapiga pasi, nikarudisha. Sikusema. Mwaka uliofuata nusu inchi nyingine. Nafasi ya ndani ilipokwisha nilitafuta kitenge kinachofanana nikaongeza kipande ubavuni, nikakipanga kionekane kama mtindo. Alikuwa ananisifia kwa mashoga zake: "Nguo za mume wangu hazijawahi kunibana." Nami nilivimba kichwa, nikajiona mume wa kweli. Kwa miaka kumi na miwili nilimficha mwanamke yule mwili wake mwenyewe, tena kwa mikono hii ninayojivunia, na sikuona kosa mpaka aliposema lile neno mbele ya daktari.

Nilipaswa kumwambia siku ileile. Sikumwambia. Mimi nikipata aibu nakuwa mkali, na nilijua nikifungua mdomo nitaishia kumlaumu yeye. Nilichosema ni, "Tutapungua wote." Haikuwa bure, daktari alikuwa amenipandisha na mimi kwenye mzani, akaniangalia tumbo, akaandika jambo ambalo hakunisomea. Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tushuke Dindira.

Tulianza kesho yake baada ya swala ya alfajiri. Tulishika njia ya vumbi inayopita kwenye mkonge, na kipimo chetu kilikuwa makalavati. Siku ya kwanza tulifika kalavati la kwanza tukakaa juu yake kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Ilituchukua wiki tatu kulifikia la pili bila kusimama. Watu waliokuwa wakiwahi kazini mashambani walitusalimu kwa huruma, maana huku kwetu mtu mzima hatembei bila pa kwenda. Mmoja alishuka kwenye baiskeli yake atupeleke msibani, akidhani ndiko tuendako. Alipoambiwa hakuna msiba, tunatembea tu, alipanda baiskeli yake akaondoka, na nadhani alisimulia habari zetu huko alikokwenda, kwa sababu kesho yake salamu ziliongezeka.

Nyumbani sheria aliiweka yeye. Sukari ilitoka kwenye chai siku ya kwanza, na chai ya siku ile sitaisahau. Chapati zikawa za sikukuu. Bada, ule ugali wetu wa muhogo niliokuwa nikiupanga kwenye sahani kama kichuguu, ukawa wa ngumi moja. Mchunga, ile mboga ya majani, ulipikwa bila nazi, mchungu hasa, na mke wangu aliutafuna akinitazama usoni, akingoja nilalamike. Sikulalamika. Nilikwenda kula maandazi nyuma ya kibaraza.

Nilikamatwa kijinga. Nilikuwa nashona kanzu nyeupe ya bwana harusi, nikaishika kwa mkono wenye mafuta. Mke wangu alipokuja kuchukua funguo aliliona doa, akainama akalinusa.

"Fundi," akasema. Akiniita fundi najua nimekwisha. "Hii kanzu imekula andazi?"

Niliifua kanzu mara tatu mbele yake, na yeye akakaa kwenye kiti cha wateja kusimamia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi sina mtu mwingine wa kupungua naye." Tangu siku ile sikugusa andazi, na hilo nalisema kwa sauti kwa yeyote anayetaka kusikia.

Yeye hakuiba hata mara moja. Hiyo ndiyo sifa yake na nitaisema mpaka nichoke. Kwenye maharusi alikaa mbele ya sinia la pilau akala viganja viwili akanawa. Siku za mvua alivaa viatu vyangu vya shambani akatangulia. Kuna asubuhi alitembea huku akilia kwa maumivu ya goti, nikamwambia turudi, akanijibu nirudi mimi. Nikamfuata nyuma. Nilimwona mgongo wake miezi ile kuliko miaka yote ya ndoa yetu, na nilianza kuupenda upya.

Miezi ilivyokwenda, watu wakaanza maneno. Huku mtu akinenepa anaambiwa mambo yamemnyookea, akipungua anaulizwa anaumwa nini, na sisi tulikuwa tunapungua wawili. Dada yangu wa Kwamsisi alituma kuku wawili kwa bodaboda na ujumbe kwenye simu kwamba kama ni ugonjwa tusimfiche, yeye ni damu yangu. Kuku tuliwala, bila ngozi. Jirani mmoja alimuuliza mke wangu kama nimeongeza nyumba ndogo inayomnyima raha. Mke wangu akamjibu, "Nguvu za kwenda huko atazitoa wapi, na kila alfajiri namburuta kwenye mkonge?" Jibu hilo lilizunguka mtaa mzima, na nilitembea kifua mbele siku nne.

Na nguo zikaanza kupwaya. Zangu nilizishughulikia hadharani. Niliketi kibarazani mchana kweupe, nikafumua suruali zangu zote, nikazibana, nikakata kitambaa kilichozidi kwa mkasi mkubwa huku wateja wanatazama. Vile vipande mke wangu aliviokota, akavishona pamoja, akawa anashikia sufuria.

Zake nilizibana pia. Kila Alhamisi, inchi hii na ile. Lakini sikukata. Kitambaa chote kilichozidi nilikikunja ndani ya ubavu, nikakishikiza kwa sindano ya mkono kisionekane. Nilijiambia ndivyo nilivyofundishwa. Gauni la kijani lilikuwa na mkunjo mnene kama mshipi kila upande, na nililipiga pasi mara mbili ili lilale.

Mwezi wa kumi na moja tangu tuanze kutembea, tulikwenda Dindira. Tulikuwa tumefika kalavati la mwisho la safari yetu ya asubuhi siku mbili kabla, na dereva wa bodaboda ambaye zamani alikuwa akikataa kutupakia wote wawili alitubeba mpaka stendi bila neno. Mke wangu alivaa gauni la kijani. Alilichagua mwenyewe, ndilo alilovaa siku ile ya jiwe.

Alitangulia. Kikapu nilibeba mimi, na nikamwachia njia. Tulipita chai, tukaingia kwenye migomba. Alipumua kwa nguvu lakini kwa mpango, kama tulivyozoea. Tulipokaribia jiwe, sauti ikatoka juu.

"Mmefika wapi?"

Mke wangu akaweka kidole mdomoni kunionya. Hakujibu. Alilipita jiwe bila kulitazama. Huko juu mama yake aliita tena, na mara ya tatu sauti ilikuwa na hofu. Sisi kimya, tunapanda. Tulipotokeza uwanjani, yule bibi alikuwa bado amesimama ukingoni, amekunja kiganja juu ya macho, anatafuta bondeni kule tulikotoka. Mwanawe alikuwa hatua tatu mbele yake.

"Mama, shikamoo."

Fimbo ilianguka. Sikuinamisha macho siku hiyo, desturi inisamehe. Niliwaangalia walivyoshikana, na kama kuna siku nimejivunia kitu duniani ni ile. Nilitaka mtaa wote wa Korogwe uwe pale, na yule daktari, na yule mwenye baiskeli.

Furaha ilimpita bibi, ikaja hofu. Alimshika mwanawe mabega, akamshika mikono. "Umekwisha, mwanangu. Unaumwa nini?" Mke wangu akacheka, akamwambia haumwi, amepungua kwa kutaka. Mama hakuridhika. Akashusha mikono mpaka kiunoni, na hapo vidole vikasimama. Aliwalea watoto saba kwa nguo alizozishona kwa mkono. Kitambaa kilichokunjwa hakiwezi kumpita. Akamvuta ndani. Mimi nikakaa kwenye benchi karibu na jiko, nikajua.

Walitoka baada ya muda. Mke wangu alikuwa amejifunga kanga za mama yake, na gauni la kijani limegeuzwa ndani nje mkononi. Bibi alisimama mlangoni, akazungumza akielekeza uso kwenye migomba, kama mkwe anavyozungumza na mkwe.

"Baba, hili gauni limefumuliwa mara nyingi. Nimeona matundu ya sindano, mistari na mistari. Lilikuwa la mwanamke mwingine? Umemvalisha mwanangu la mtu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni lake. Mistari yote ni yake."

Nikawaeleza. Nilieleza pasi ya Alhamisi, nusu inchi, kipande cha ubavuni, miaka kumi na miwili. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mkwe. Mke wangu alisikiliza huku akipitisha kidole kwenye ile mistari, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo siku ile daktari alipocheka, wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nionekane mjinga."

"Nilikuacha."

Akashika ule mkunjo mnene. "Na hii? Hii si ya zamani. Umebana majuzi. Mbona hukukata?"

"Ndiyo kazi yetu, mke wangu. Mtu huachiwa..."

"Suruali zako ulikata. Vipande nashikia sufuria."

Hasira ilinipanda, nikainuka kwenye benchi, nikaketi tena.

"Ulikuwa unaningoja nirudi?" akauliza. Aliuliza polepole, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Ningeweza kumwambia habari za mzee wa Handeni na mvua zetu na neema. Lakini nilikuwa nimemfuata nyuma mwaka karibu mzima, nikauona mgongo ule ukipanda na kushuka kwenye mkonge, na bado kila Alhamisi mkono wangu ulimwekea pa kurudia. Nilikuwa najiamini mimi mla maandazi, nikamtilia shaka yeye.

"Ndiyo," nikasema.

Akaniwekea gauni magotini. "Kata."

Mama yake aliingia ndani akarudi na wembe. Hakunipa mkononi, aliuweka kwenye ncha ya benchi akaondoka, nami nikauchukua. Nilianza na ubavu wa kushoto. Kwa maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kukata nguo ya mtu mpaka mwisho. Mke wangu alikaa kando yangu ananyoosha kitambaa ili kisikunjamane. Vipande viwili virefu vya kijani vilianguka chini, na bibi akaviokota akaenda kufungia mipapai michanga iliyokuwa inalala kwa upepo. Nikashona kingo kwa sindano ya mkono palepale. Mke wangu alilivaa, akazunguka mara moja uwanjani, akanywa uji wake bila sukari.

Hakunisamehe siku hiyo, na sikumwomba afanye haraka. Tuliposhuka alitangulia tena. Tulikuwa tumefika katikati ya kilima nilipomsikia mama yake juu ukingoni.

"Mmefika wapi?"

Mke wangu akasimama, akageuka, akaweka viganja mdomoni.

"Kwenye jiwe, mama!"

"Umekaa?"

"Sijakaa!"

Tulimsikia bibi akicheka kule juu, kisha akawaita majirani zake kwa Kishambaa waje wasikie. Mke wangu akanipokea kikapu, tukaendelea kushuka.